Jinsi ya kuanza kutumia modeli za hisabati katika biolojia: kutoka gugu maji la Kisumu hadi mbu wa malaria

Wengi wanaosoma biolojia huku kwetu, kuanzia Maseno hadi Bondo, waliichagua wakidhani wameagana na hesabu. Kisha mtu anafika mwaka wa tatu, au anaajiriwa kwenye mradi wa afya, anafungua ripoti na kukuta ukurasa mzima wa milinganyo. Anaruka ukurasa huo na kusoma hitimisho. Kuanzia hapo anawaachia wengine kazi ya kufikiri kuhusu mbu wake mwenyewe, samaki wake mwenyewe na wagonjwa wake mwenyewe. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Unahitaji vitu vichache: hesabu ya kidato cha tatu, daftari, na simu au kompyuta yenye Google Sheets au Excel. Kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko yanayoendelea bila kukatika, itakuja mwishoni, na wakati huo utakuwa unaitaka mwenyewe.

Neno moja kabla hatujaanza. Watu hudhani kazi ya modeli, yaani hesabu inayoiga jinsi jambo linavyokwenda, ni kutabiri: mwezi wa saba kutakuwa na wagonjwa kadhaa, mwaka kesho samaki watakuwa tani kadhaa. Mara nyingi utabiri wa namna hiyo hukosea. Kazi ambayo modeli huifanya vizuri sana ni kukuonyesha mahali jambo linapogeuka, yaani mpaka ambao ukiwa upande huu unashinda na ukiwa upande ule unashindwa, halafu kukuambia ni kitu gani kinachousogeza mpaka huo. Kila hatua hapa chini inaelekea huko.

Hatua ya 1: Chagua swali moja lenye kipimo, mahali na muda

"Gugu maji ni tatizo Kisumu" si swali la modeli. "Hori la hekta 200 lenye hekta 2 za gugu maji leo litajaa baada ya wiki ngapi?" ni swali (hori ni mkono mdogo wa ziwa unaoingia nchi kavu), kwa sababu lina kitu kinachohesabika, lina eneo lenye mipaka, na lina saa inayotembea. Swali lako likikosa kimojawapo, usifungue kompyuta bado.

Nimechagua gugu maji kwa sababu kila aliyewahi kusimama Dunga au Kendu Bay ameliona. Lilijulikana Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na kabla ya mwaka 2000 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam hadi vyombo vikashindwa kutoka bandarini. Biolojia yake pia inamfaa anayeanza: mmea mama hutoa kikonyo pembeni, na kikonyo hicho huchipua mmea mwingine mzima. Yaliyopo ndiyo yanayozaa yajayo.

Hatua ya 2: Andika biolojia kwa sentensi kabla ya kuandika herufi hata moja

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Chukua daftari uandike unachoamini kuhusu kiumbe chako kwa lugha unayoongea. Kwa gugu maji langu niliandika hivi. Kila wiki, mimea iliyopo huongeza nusu ya eneo lake. Nafasi ikipungua, kuongezeka nako kunapungua. Hakuna gugu linaloingia horini kutoka nje wala linalotoka. Wiki zote zinafanana.

Sentensi ya tatu si kweli, na kila mvuvi wa ghuba anajua hivyo, maana upepo huhamisha visiwa vizima vya gugu kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Iache kwanza. Muhimu ni kwamba imeandikwa. Siku modeli yako itakapopishana na ukweli utarudi kwenye sentensi hizi kutafuta ni ipi iliyodanganya, na huwezi kuitafuta sentensi ambayo hukuiandika. Nusu kwa wiki nayo ni namba ya kufanyia mazoezi tu. Yako utaipima mwenyewe katika hatua ya 7.

Hatua ya 3: Geuza sentensi ya kwanza iwe hesabu

Kama umewahi kukopa kwenye chama na riba ikazaa riba, hesabu hii tayari unayo. Wiki ya sifuri una hekta 2. Zidisha kwa 1.5 upate 3, kisha 4.5, kisha 6.75. Wiki ya 10 unafika hekta 115. Endelea hadi wiki ya 20 na utapata zaidi ya hekta 6,600, ndani ya hori la hekta 200.

Hapo modeli imevunjika, na imevunjika kwa faida yako. Imekuonyesha kwamba sentensi ya kwanza peke yake haiwezi kuwa kweli kwa muda mrefu.

Hatua ya 4: Weka kikomo

Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst alipendekeza njia rahisi ya kuweka kikomo: zidisha ongezeko kwa sehemu ya nafasi iliyobaki. Tukiita eneo la gugu N, na hori zima ni hekta 200, nafasi iliyobaki ni 1 toa (N gawanya kwa 200). Pima kwa macho: N ikiwa 2, nafasi ni 0.99, karibu yote. N ikiwa 100, nafasi ni 0.5. N ikiwa 200, nafasi ni sifuri na kuongezeka kunakoma. Kila mlinganyo utakaokutana nao upime namna hii, kwenye ncha zake na katikati, kabla ya kuuamini.

Sasa fungua lahajedwali. Kwenye seli E1 andika 0.5, yaani kiwango cha kuongezeka kwa wiki. Kwenye E2 andika 200. Safu ya A ni wiki: A2 ni 0, A3 ni 1, endelea hadi 40. Kwenye B2 andika 2. Kwenye B3 andika:

=B2+$E$1*B2*(1-B2/$E$2)

Ivute fomula hiyo hadi chini. Alama za dola huizuia Excel kuhamisha E1 na E2 unapovuta. Ukizisahau, safu nzima itaharibika.

Utaona 2, 2.99, 4.46, 6.64, 9.86. Wiki ya 8 una hekta 43.8, wiki ya 9 una 60.9, wiki ya 10 una 82.1, wiki ya 12 una 131, na wiki ya 16 una 191. Chora grafu: ni mstari unaopanda polepole, unaosimama wima katikati, kisha unalala juu. Katika wiki ya kwanza gugu liliongezeka kwa chini ya hekta moja. Kati ya wiki ya 11 na ya 12 liliongezeka kwa karibu hekta 25. Anayepita ufuoni mara moja kwa mwezi atasema limevamia ghafla, ilhali kanuni ya ukuaji haikubadilika hata mara moja.

Onyo moja kuhusu saa ya modeli. Mtu anaweza kusema, "Wiki ni kazi nyingi, nitahesabu kwa mwezi," akaweka 2 mahali pa 0.5, kwa kuwa wiki nne mara 0.5 ni 2. Jaribu uone. Mwezi wa tano modeli inakupa hekta 218 ndani ya hori la hekta 200, kisha inashuka, kisha inapanda tena. Kuyumba huko hakutoki kwa gugu wala kwa ziwa, kumetoka kwa hatua kubwa uliyochukua. Ukiona modeli inaruka juu na chini, punguza hatua kwanza kabla ya kutangaza kwamba umegundua jambo jipya.

Hatua ya 5: Mwingize binadamu, na utafute mpaka

Hapa ndipo modeli inapoanza kulipa. Tuseme kuna mashine inayoweza kuondoa hekta 20 kwa wiki. Je, itashinda?

Andika 20 kwenye E3, na kwenye E4 andika wiki ambayo mashine inaanza kazi. Badilisha fomula ya B3 iwe hivi, kisha uivute tena:

=MAX(0,B2+$E$1*B2*(1-B2/$E$2)-IF(A2>=$E$4,$E$3,0))

MAX iko pale ili eneo lisiende chini ya sifuri. Weka 8 kwenye E4. Gugu linashuka: 43.8, 40.9, 37.2, 32.3, 25.9, 17.2, 5.0, na wiki ya 15 hori ni safi. Sasa weka 9. Mashine ile ile, mafuta yale yale, wafanyakazi wale wale, wamechelewa wiki moja tu. Gugu linaanza kwenye 60.9, linapanda hadi 62.1, kisha 63.5, na linaendelea kupanda polepole hadi karibu hekta 145, ambako linatulia huku mashine ikifanya kazi kila wiki bila kulimaliza.

Mpaka uko wapi hasa? Ni pale ongezeko la wiki linapolingana na hekta 20 zinazoondolewa. Andika 0.5N(1 - N/200) = 20, ipange upya, na utapata mlinganyo wa kipeo cha pili, ule wa shuleni: N² - 200N + 8000 = 0. Majibu yake ni karibu 55.3 na 144.7. Chini ya hekta 55 mashine inashinda. Juu ya hapo inashindwa, na gugu linatulia kwenye 145.

Kaa hapo kidogo. Hakuna aliyeiambia modeli kwamba kuna mpaka kwenye hekta 55. Uliweka sentensi mbili na mashine moja, na mpaka ukajitokeza. Ukiulizwa, "Tununue mashine au la?" sasa unajua kwamba swali la kwanza ni gugu limefika wapi leo.

Hatua ya 6: Sogeza kigezo kimoja kimoja

Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha badilisha namba moja tu kwa wakati mmoja na uandike mpaka umehamia wapi. Usibadilishe mbili pamoja, hutajua ni ipi iliyofanya kazi.

Chukua E1. Fukusi wa jenasi ya Neochetina, waliotoka Amerika ya Kusini na kuachiliwa upande wa Kenya wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1990, hula majani ya gugu, na mabuu yao hutoboa shina. Mara nyingi hawaui mmea mara moja. Wanaudhoofisha, kwa hiyo kazi yao inaonekana kwenye kiwango cha kuongezeka. Shusha E1 kutoka 0.5 hadi 0.3. Gugu sasa haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya hekta 15 kwa wiki, hata likiwa katika nusu ya hori ambako hukua kwa kasi kuliko kwingine kote (kilele hicho hupatikana kwa kuzidisha kiwango kwa ukubwa wa hori na kugawanya kwa 4). Mashine inaondoa 20. Mpaka umetoweka kabisa. Hata ukianza na hori lililojaa hekta zote 200, gugu linaisha baada ya kama wiki 25.

Mwelekeo wa kinyume nao unatufundisha. Maji taka ya mji na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani hulisha gugu na kuinua E1. Weka 0.6 uone mpaka ulivyoshuka na muda uliobaki wa kuchukua hatua ulivyopungua.

Hatua ya 7: Pima namba yako mwenyewe

Namba ya kuazima kutoka kitabuni inafaa kuanzia, lakini utaielewa modeli siku utakapopima kigezo chako kwa mikono yako. Chukua beseni pana, lijaze maji ya ziwa, weka mimea michache ya gugu iliyochujwa maji kwa dakika tano, na uipime kwenye mizani. Baada ya wiki moja itoe, ichuje kwa dakika tano zile zile, upime tena. Ikitoka kilo 2 ikafika 2.6, kiwango ni 0.3 kwa wiki. Tumia mabeseni matatu au manne, kwa sababu moja linaweza kukudanganya.

Fanyia zoezi hili ufuoni ambako gugu tayari lipo, na ukimaliza lianike juani nchi kavu hadi likauke kabisa. Usilipeleke nyumbani wala kwenye bwawa la samaki. Vaa gambuti unapochota maji, maana kichocho kipo ufuoni mwa ziwa hili. Na kumbuka kwamba umepima uzito, ilhali modeli inahesabu eneo. Gugu likisongamana huwa refu na zito bila kutanda zaidi. Andika tofauti hiyo chini ya zile sentensi zako nne.

Hatua ya 8: Hamia kwa mbu

Sasa una ustadi wa kutosha kushika jambo zito zaidi. Daktari Ronald Ross alionyesha mwaka 1897, akiwa India, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Watu walimwambia kwamba kuua mbu hakutasaidia kwa kuwa huwezi kuwamaliza wote. Ross akajibu kwa hesabu, katika kazi alizochapisha kati ya 1908 na 1911: si lazima wamalizwe, kwa sababu kuna kiwango cha mbu ambacho wakishuka chini yake malaria hujififiza yenyewe. Ni mpaka tena, kama zile hekta 55.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa malaria George Macdonald aliongeza jambo ambalo kila mtu wa afya ya jamii Siaya, Busia na Homa Bay anapaswa kuweza kulihesabu mwenyewe. Sentensi zake ni hizi. Mbu akinyonya damu yenye vimelea hawezi kuambukiza siku hiyo, kwa sababu vimelea vinahitaji siku kadhaa kukomaa ndani yake. Kila siku mbu ana uwezekano fulani wa kufa. Kwa hiyo mbu wa hatari ni mbu mzee tu.

Fungua ukurasa mpya wa lahajedwali. Kwenye E1 andika 0.9, maana yake kati ya mbu 100 wanaoamka leo, 90 wataiona kesho. A2 ni siku ya 0, na shuka hadi siku ya 100 kwenye A102. B2 andika 1000, mbu elfu moja walionyonya damu yenye vimelea siku hiyo hiyo. B3 andika =B2*$E$1 na uvute hadi chini. Tuseme vimelea vinakomaa baada ya siku 12. Angalia mstari wa siku ya 12, seli ya B14: wamebaki mbu 282. Hao sasa wanaambukiza, na kila siku wanayoishi ni siku moja ya hatari. Jumlisha siku zote za hatari:

=SUM(B14:B102)

Unapata karibu 2,824.

Sasa una njia mbili za kupigana. Ya kwanza, punguza mbu kwa nusu, tuseme kwa kufukia madimbwi: weka 500 kwenye B2. Siku za hatari zinakuwa 1,412, nusu kamili, kama ulivyotarajia. Rudisha 1000. Njia ya pili, acha mbu wazaliwe kama kawaida lakini fupisha maisha yao: badilisha E1 kutoka 0.9 hadi 0.8, yaani katika kila mbu 100 wafe wengine 10 zaidi kila siku. Wanaofika siku ya 12 ni 69 tu, na siku za hatari ni 344.

Kutoka 2,824 hadi 344 ni pungufu zaidi ya mara nane, na umegusa kigezo kimoja tu kwa kiasi kidogo. Sababu iko kwenye umbo la hesabu: idadi ya mbu inazidishwa mara moja, lakini uwezekano wa kuishi unazidishwa kila siku, siku 12 mfululizo, na bado unaendelea kuzidishwa baada ya hapo. Kitu kinachozidishwa mara nyingi ndicho kinachostahili kusukumwa.

Ndiyo maana neti yenye dawa na kupuliza dawa kwenye kuta za nyumba hufanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Vyote viwili humlenga mbu mkubwa. Utafiti mkubwa wa neti uliofanyika Asembo na Gem mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba hata waliokosa neti, wakiishi ndani ya mita 300 kutoka nyumba zenye neti, walipata kinga. Mwenye neti alikuwa anafupisha maisha ya mbu ambaye kesho angeingia kwa jirani. Anayeigeuza neti kuwa uzio wa mboga anamnyang'anya jirani kinga hiyo pia, na sasa unaweza kumwonyesha kwa namba badala ya kumfokea.

Na mbu wakizoea dawa? Ni E1 inayopanda kurudi 0.9. Jaribu 0.85 uone siku za hatari zinavyokaribia kuongezeka mara tatu kabla hujafika huko.

Umri wa mbu unajulikanaje? Wataalamu huwapasua mbu jike na kuangalia mirija midogo kwenye ovari, ambayo hujikunjua mbu akishataga kwa mara ya kwanza. Tuseme kati ya mbu 100 waliokamatwa 73 wamewahi kutaga, na kutoka mlo wa damu hadi kutaga huchukua siku 3. Basi 73 katika 100 waliishi siku hizo 3, na kipeo cha tatu cha namba tunayoitafuta ni 0.73. Mzizi wake wa tatu ni 0.9. Hapo darubini na kikokotoo vinafanya kazi moja.

Kuna kigezo kingine, zile siku 12. Zinategemea joto. Kwa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, kuna kanuni ya zamani inayotumika bado: toa 16 kwenye joto la wastani, kisha gawanya 111 kwa jibu hilo. Kwenye nyuzi 25 unapata siku 12. Kwenye nyuzi 19 unapata 37. Rudi kwenye safu yako ya 0.9 na usome siku ya 37: wamebaki mbu 20 kati ya 1,000, ambapo kwenye joto la nyuzi 25 walifika 282. Tofauti ya nyuzi sita, na umeanza kuelewa kwa nini kando ya ziwa malaria huwa ya mwaka mzima, wakati kwenye miinuko ya Nandi na Kericho huja kama mlipuko, hasa hali ya hewa ikipata joto na mvua kuliko kawaida. Weka nyuzi 21 badala ya 19 uone mlima unavyogeuka. Kumbuka pia kwamba mbu hupumzika ndani ya nyumba, na ndani huwa na joto kuliko kwenye kituo cha hali ya hewa. Hiyo ni sentensi nyingine ya kuandika daftarini.

Hatua ya 9: Ilinganishe na ukweli, na usiipendelee

Kwa gugu maji, picha za setilaiti za Sentinel-2 hupatikana bure, zinaonyesha vitu vya ukubwa wa mita 10, na hupigwa kila baada ya siku tano mawingu yakiruhusu. Pima eneo la gugu kwenye tarehe kadhaa, weka nukta hizo juu ya grafu yako, na uangalie zinaachana wapi. Modeli itasema hori ni safi wiki ya 15. Picha za miezi ya baadaye zinaweza kuonyesha gugu jipya, kwa sababu mbegu zake hulala kwenye matope kwa miaka na upepo huleta mengine kutoka nje. Rudi kwenye sentensi ya tatu. Imekamatwa.

Tahadhari ngumu zaidi ni hii: modeli mbili zinaweza kutoshea data ile ile. Gugu lilipopungua sana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wanasayansi walisema ni kazi ya fukusi. Wengine walisema fukusi walisaidiwa mno na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998, mawingu yaliyopunguza mwanga, mawimbi na maji yaliyopanda. Kila upande ulikuwa na hoja. Grafu kulingana na nukta haitoshi. Jiulize modeli yako inasema nini ambacho ile nyingine haisemi, kisha nenda ukapime kitu hicho: alama za kutafunwa kwenye majani, kwa mfano.

Hatua ya 10: Sasa ifuate kalkulasi

Ukimaliza haya, milinganyo ya wiki kwa wiki itaanza kukubana, na utataka hatua ndogo zaidi: siku, saa, hadi muda usio na hatua kabisa. Hapo ndipo kalkulasi ya kidato cha nne inapopata kazi. Pakua R, programu ya hesabu ambayo ni ya bure, pamoja na kifurushi chake cha deSolve cha kutatua milinganyo ya namna hii, au tumia Python ukipenda. Usianze na modeli mpya. Iandike upya ya hori, ambayo majibu yake unayajua.

Usishtuke jibu likikataa kulingana. Ukiweka 0.5 kwenye mlinganyo usio na hatua, wiki ya 10 itakupa karibu hekta 120 badala ya 82, kwa sababu sasa gugu linazaa kila dakika na watoto wanazaa ndani ya wiki ile ile. Kiwango kinachoanza na kasi ile ile ya mara 1.5 kwa wiki ni logi asilia ya 1.5, yaani karibu 0.405. Kitumie, na wiki ya 10 itatoa karibu 74. Bado si 82, kwa kuwa lahajedwali hukagua nafasi iliyobaki mara moja kwa wiki, ilhali mlinganyo usio na hatua huikagua wakati wote. Ili kuthibitisha, rudi kwenye lahajedwali, tumia hatua ya siku moja na kiwango cha 0.0596 (1.0596 ikizidishwa yenyewe mara saba hutoa 1.5), kisha uangalie siku ya 70. Itakupa karibu 75, jirani kabisa na 74. Ukishaipata, endelea na modeli ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, ile inayowagawa watu kuwa wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa na waliopona, na uifuate kwa njia hii hii: sentensi daftarini kwanza, kisha safu tatu, kisha utafute mpaka ulipo.